Ukuta Unaotazamana na Moto

Katika vibanja vya Buhaya, toka Bukoba mpaka Muleba, jembe likizama chini ya migomba mara nyingine hugonga kitu kisicho jiwe. Ni cheusi, kizito kupita ukubwa wake, kina vitundu kama mkate, na upande mmoja kinang'aa kama chupa iliyoyeyuka ikaganda. Hayo ni mavi ya chuma, masalia ya matanuri ya wazee wetu. Hapa Kishanda mtoto huyaokota akayachezea wiki nzima kabla hajaambiwa ni nini.

Naanzia kwenye mavi hayo ingawa tanuri ninalotaka kulichambua liko Uingereza. Nimesoma habari zake kwa muda mrefu, na kila nikifika kwenye kiini cha jambo nakuta swali ambalo wazee wa Kihaya walilijibu kwa udongo wa kichuguu: ukuta unaotazamana na moto uwe wa kitu gani, na ukiliwa, utabadilishwaje?

Mwaka 1976 wazee kadhaa wa Kihaya walijenga tena tanuri la kuyeyushia chuma, kwa ombi la mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt, yule aliyefukua Katuruka, Bukoba Vijijini, kwenye eneo la mfalme Rugomora Mahe na mti wa Kaiija. Chuma cha dukani kilikuwa kimeizima kazi hiyo kwa miongo mingi, kwa hiyo wazee walilazimika kukumbushana. Walichimba shimo, wakalikandika tope la kichuguu, kwa kuwa udongo wa mchwa hustahimili moto kuliko udongo wa kawaida. Wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa. Ukuta wa juu wakaujenga kwa mavi ya chuma ya zamani yaliyoshikanishwa kwa tope hilo hilo. Yaani kilichokwisha kuonja moto ndicho kilichorudishwa kukaa na moto. Kisha mabomba ya udongo, ambayo mivukuto ya ngozi ya mbuzi ilipulizia upepo, hayakuishia mlangoni. Yaliingizwa ndani kabisa, yakakaa katikati ya makaa. Mwaka 1978 Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba upepo ule ulipata moto ukiwa bado ndani ya bomba, ndiyo maana joto lilipanda kiasi kile. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya maelezo hayo. Lakini jambo moja halina ubishi: ncha za mabomba yale ziliyeyuka. Zilikuwa sehemu ya kuliwa, na fundi alijua tangu anayafinyanga kwamba atafinyanga mengine.

Sasa twende Culham, kijiji kilicho karibu na Oxford. Hapo ndipo palipojengwa JET, mtambo wa mataifa ya Ulaya wa kuchunguza myeyungano wa nyuklia, yaani namna jua linavyotoa nguvu: viini vyepesi vya hidrojeni vinagandamana kuwa kimoja na kuachia nishati. JET ilipata plazma yake ya kwanza tarehe 25 Juni 1983, na Malkia Elizabeth akaifungua rasmi Aprili 1984. Chombo chake ni pete kubwa yenye uwazi ndani, yenye kimo cha zaidi ya mita 4, imezungukwa na sumaku za koili za shaba. Ndani ya pete hiyo gesi hupashwa mpaka iwe plazma yenye joto la nyuzi milioni 150 hivi, mara 10 ya kitovu cha jua. Umeme wa kuwasha mambo hayo ulikuwa mwingi kiasi kwamba gridi ya taifa peke yake haikutosha. Kulikuwa na magurudumu mawili ya chuma, kila moja tani 775, yaliyozungushwa polepole kati ya jaribio na jaribio, kisha yakaachia nguvu yote kwa sekunde chache.

Hakuna kichuguu cha kuhimili nyuzi milioni 150. Plazma huelea katika ombwe, imeshikwa na sumaku. Lakini sumaku si chungu kisichovuja. Chembe hutoroka, nyingine hugonga ukuta, na kuna mahali pamoja chini ya chombo, panaitwa daiveta, ambapo joto na majivu ya moto huelekezwa makusudi ili vitolewe nje. Hapo ndipo ukuta huteswa kuliko pote. Ukitaka kuujua mtambo wa namna hii, acha kutazama moto, tazama vigae vya ukuta wake.

Kwa zaidi ya miaka 20 vigae vya JET vilikuwa vya kaboni. Sababu ilikuwa nzuri: kaboni haiyeyuki. Ikizidiwa na joto hugeuka mvuke moja kwa moja, na atomu zake zikiingia katika plazma haziiharibu sana kwa kuwa ni nyepesi. Mafundi waliipenda kwa sababu ilisamehe makosa. Ila ilikuwa na kasoro moja ambayo haikuonekana nzito mpaka walipoanza kutumia mafuta halisi.

Mafuta halisi ya myeyungano ni aina mbili za hidrojeni: deuteriumu, ambayo ipo katika maji, na tritiumu, ambayo ni adimu, ina mionzi na nusu yake hupotea kila baada ya miaka 12 na kidogo. JET iliigusa tritiumu mara ya kwanza Novemba 1991. Mwaka 1997 ilifanya kampeni kamili na kutoa megawati 16 za nguvu ya myeyungano, wakati plazma ilikuwa inapashwa kwa megawati 24. Ulimwengu ukashangilia. Lakini waliokwenda kupima wakakuta kaboni imemeza tritiumu. Kaboni inayolika hurushwa ndani ya chombo, hushikamana na hidrojeni, na vyote viwili huenda kulala kwenye kona zenye baridi kama masizi kwenye dari ya jiko la kuni. Kwa mtambo wa majaribio hilo ni kero. Kwa mtambo wa baadaye, ambao sheria inauwekea kikomo cha gramu za tritiumu zinazoweza kukaa ndani yake, kaboni ingeufunga mlango baada ya muda mfupi wa kazi.

Na ilikuja shida ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa. Nyutroni zinazozaliwa na myeyungano hupenya kuta na kuzifanya metali za chombo zenyewe kuwa na mionzi. Baada ya kampeni ya 1997 fundi hangeweza tena kuvaa nguo ya kujikinga, akapanda ngazi na kuingia ndani na spana yake kama zamani. Chombo kilikuwa kimejifungia. Daiveta ilipaswa kubadilishwa, na hapakuwa na mtu wa kuingia kuibadilisha.

Hapa ndipo JET ilipovuna kilichopandwa miaka mingi kabla. Wabunifu walijua tangu mwanzo kwamba siku hiyo itafika. Waliacha matundu ya kuingilia ubavuni mwa pete, wakajenga mkono mrefu wenye viungo, unaonyooka zaidi ya mita 10, unaojipinda kufuata mviringo kama nyoka anayeingia kichuguuni. Kwenye ncha ya mkono huo hukaa mashine iitwayo MASCOT, yenye asili ya Italia. Ina mikono miwili, vidole vya kubana na kamera. Katika chumba cha uongozaji, nje ya zege nene, fundi hukaa mbele ya mikono mingine miwili inayofanana na ile. Akiusogeza mkono wake, ule wa ndani husogea. Na hapa ndipo ustadi wote ulipo: ule wa ndani ukigusa kitu, mkono wa fundi nao huhisi.

Msomaji aliyewahi kukaza bolti atanielewa. Macho hayakazi bolti. Mkono ndio unaokaza. Bolti ikishika uzi vizuri, spana huzunguka laini kwa mizunguko ya kwanza, kisha uzito huongezeka kidogo kidogo. Ikipanda uzi upande, ukinzani huja mapema na kwa ukali, na fundi mwenye kujua huirudisha nyuma papo hapo kabla haijala meno. Mtu anayeongoza mashine kwa kamera peke yake hawezi kulijua hilo. Ataendelea kukaza mpaka auharibu uzi, na uzi ulioharibika ndani ya chombo chenye mionzi ni msiba. MASCOT ilimrudishia fundi mkono wake. Naamini huu ndio uamuzi bora kuliko yote yaliyofanywa Culham: walikataa kumwondoa fundi katika kazi, wakamwondoa katika hatari tu.

Mwaka 1998 moduli za daiveta zilitolewa na mpya zikawekwa kwa njia hiyo, bila mtu kuingia ndani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza duniani kazi ya ukubwa huo kufanywa hivyo katika mtambo wa myeyungano.

Watu hudhani mashine ndiyo iliyofanya kazi. Mashine peke yake ingegonga ukuta siku ya kwanza. Culham walijenga mfano wa ndani ya chombo kwa ukubwa halisi, na kila kazi ilifanywa kwanza humo. Bolti ipi ifunguliwe kwanza, kigae kishikwe wapi, kikitoka kigeuzwe upande gani ili kipite kwenye tundu bila kugonga jirani yake: yote yaliandikwa hatua kwa hatua, yakajaribiwa, yakasahihishwa, yakajaribiwa tena. Hata bolti zilibadilishwa umbo. Zikafanywa za kubaki kwenye kigae chake hata zikifunguliwa, kwa sababu bolti inayoanguka chini ya chombo inaweza kusimamisha kazi ya watu wengi kuitafuta. Wazee wa 1976 walifika kwenye jambo hilo hilo kwa njia yao: walianza kwa majaribio, wakajua wapi kumbukumbu imepungua, wakarekebisha, ndipo tanuri likatii.

Kisha ikaja kazi kubwa. Ufaransa, mahali paitwapo Cadarache, palikuwa panajengwa ITER, mtambo mkubwa zaidi wa mataifa mengi, na wabunifu wake walitaka ukuta wa metali: berili pande zote na tungsteni kwenye daiveta. Hakuna aliyekuwa amewahi kuziweka metali hizo mbili pamoja katika mtambo mkubwa. Ikaamuliwa JET ivuliwe ngozi yake yote na kuvikwa hiyo mpya. Ilizimwa mwishoni mwa 2009, na kazi ikaendelea mpaka 2011. Vigae vya kaboni vilitolewa, na badala yake vikaingia zaidi ya vigae 15,000 vilivyopangwa katika vipande karibu 2,900 vya kufungwa. Berili ilikuwa takriban tani 2, na tungsteni takriban tani 2. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na MASCOT, huku mkono mrefu wa pili ukipita tundu la upande mwingine kuleta vifaa na kubeba vilivyotolewa.

Kila kitu kilipaswa kupita tunduni vipande vipande. Nikisoma hayo huikumbuka MV Victoria yetu, iliyoundwa Glasgow, ikafunguliwa, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu na kuunganishwa upya, ikaanza kazi ziwani mwaka 1961. Meli hiyo ilisimama 2014, ikabadilishwa injini na mambo mengine mengi, na 2020 ikarudi kwenye njia ya Mwanza, Kemondo na Bukoba. Waliosubiri gati la Kemondo miaka ile wanajua maana ya chombo kusimama. Lakini meli ile iliweza kufufuliwa kwa kuwa mtu aliweza kuteremka chumba cha injini na kuyashika matatizo kwa mkono wake. JET haikuwa na nafasi hiyo.

Kwa nini berili na tungsteni? Berili ni nyepesi sana. Atomu yake ina protoni 4 tu, kwa hiyo ikiingia katika plazma haidhuru sana. Ubaya wake ni kwamba huyeyuka kwenye nyuzi 1,287, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Kwa hiyo kila kigae cha berili kilichanjwa mistari myembamba usoni, kama chale, ili kikipata moto kila kipande kitanuke peke yake bila kupasuka. Tungsteni ni kinyume chake. Huvumilia mpaka nyuzi 3,422, hakuna metali inayoipita. Lakini atomu yake ina protoni 74, na chache tu zikifika katikati ya plazma hunyonya joto na kulitoa kama mwanga mpaka moto unapoa. Ukuta mgumu, basi, ukikatika unauzima moto wenyewe. Kwenye daiveta ya JET tungsteni nzima iliwekwa mahali panapoteswa zaidi, na kwingine ikatumika kaboni iliyopakwa tungsteni.

Plazma ya kwanza ya ukuta mpya iliwaka Agosti 2011. Habari njema ilikuja mapema: mafuta yaliyobaki ukutani yalipungua kwa zaidi ya mara 10. Lengo lilikuwa limefikiwa.

Lakini hapa ndipo uchambuzi wa haki unapotakiwa kukaa kidogo, kwa sababu taarifa za sherehe huruka sehemu hii. Kwa muda mrefu baada ya 2011, JET iliyoboreshwa ilifanya kazi vibaya kuliko JET ya zamani. Plazma haikushika joto kama ilivyolishika wakati wa kaboni. Tungsteni ilijipenyeza katikati, na waendeshaji walilazimika kupuliza gesi nyingi pembezoni ili kuizuia, na gesi hiyo yenyewe ikaipoza plazma. Kisha kukawa na tatizo la plazma kuanguka ghafla. Enzi za kaboni, plazma ilipoanguka, kaboni ilitawanya joto kama mwanga pande zote. Kaboni ilipoondoka, joto likawa linadondoka mahali pamoja, na berili huyeyuka. Ikabidi kuwekwa vali za haraka za kumwaga gesi nyingi kwa kufumba na kufumbua mara dalili za anguko zinapoonekana, na kwa majaribio ya mikondo mikubwa ya umeme ndani ya plazma vali hizo zikawa sharti.

Ilichukua miaka ya kujifunza upya: namna ya kupasha kitovu ili tungsteni isukumwe nje, namna ya kupanga gesi, namna ya kusoma dalili. Mtu angeweza kusema afadhali wangebaki na kaboni. Mimi siungi mkono. Kaboni ilikuwa inawaficha ukweli wa mtambo ujao, na matatizo yale yalipaswa kujulikana Culham, kwenye chombo kinachoweza kurekebishwa, kabla ya kujulikana Cadarache kwa gharama kubwa mara nyingi.

Kuna jaribio moja la 2013 linalonionyesha moyo wa watu wale. Daiveta ya tungsteni imeundwa kwa sahani nyembamba zilizopangwa pamoja kama kurasa za kitabu. Sheria ya kwanza ya ufundi huo ni kwamba ukurasa mmoja usichomoze kuliko mwenzake, maana utapigwa na joto ubavuni. Wao wakachomoza mmoja kwa makusudi, milimita chache, wakauelekezea moto. Ulianza kuyeyuka. Tungsteni iliyoyeyuka ikatambaa, ikajikusanya ukingoni, matone madogo yakatoka. Plazma haikuanguka. Walikuwa wamepata jibu la swali ambalo fundi wa ITER angelala akiliwaza: kigae kimoja kikikosewa, je, mtambo wote utakwisha?

Desemba 2021, kwa ukuta huo wa metali na tritiumu halisi, JET ilitoa megajuli 59 za nishati ya myeyungano katika sekunde 5. Mwaka 1997 zilikuwa 22. Oktoba 2023 ikatoa megajuli 69.26 kutokana na miligramu 0.2 za mafuta, na rekodi hiyo ikatangazwa Februari 2024. Msomaji asidanganyike: nishati iliyotumika kuwasha ilizidi iliyotoka, na umeme wa myeyungano haujafika kwenye nyumba ya mtu yeyote. Lakini rekodi zile zilipatikana katika mtambo wenye umri wa miaka 40, uliokuwa umebadilishwa ngozi na mikono isiyo na damu. ITER yenyewe, baada ya kusoma yaliyotokea Culham na kwingineko, imebadili mpango na kuiacha berili, ukuta wake wote utakuwa wa tungsteni.

JET iliwaka kwa mara ya mwisho tarehe 18 Desemba 2023, jaribio namba 105,842. Hata siku hiyo haikuagwa kwa maneno matupu. Walielekeza boriti ya elektroni zenye kasi kubwa kwenye ukuta wa ndani, kitu walichokuwa wakikikwepa kwa maisha yote ya mtambo, ili waone kidonda kinakuwaje. Mtambo ulikuwa hauna kesho, basi hata jeraha lake likawa somo.

Sasa JET inabomolewa, na hiyo nayo ni kazi ya kitafiti. Vigae vinatolewa kimoja kimoja, vinapelekwa maabara, vinakatwa ili kuonekana tritiumu imejificha wapi na metali imechoka kiasi gani. Kazi hiyo inatarajiwa kuendelea mpaka karibu mwaka 2040. Wanaoifanya wamekaa katika chumba cha uongozaji, wameshika mikono ile ile ya MASCOT, na bolti inapolegea ndani ya chombo, wanaihisi.